Taa ya Njano si Adui: Utunzaji wa Sensa na Mfumo wa Moshi katika Malori ya Dizeli

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya siku moja kwa madereva, utingo, mafundi na wenye malori, Chake Chake, Pemba.)



Awali ya yote nawashukuru kwa kuitikia wito wetu. Najua kwamba kwa mwenye lori siku moja bila safari ni siku moja bila kipato, na kwa utingo ni siku bila posho. Kwa hiyo nitajitahidi mada hii iwe na faida ya kulipia siku yenu.

Pili, naomba niondoe wasiwasi mmoja. Barua za mwaliko zilipofika zikiwa na neno "sensa", mzee mmoja aliniuliza kama tunahesabiwa tena, wakati tulihesabiwa mwaka 2022. Hapana, mzee wangu. Sensa ninayoizungumzia leo ni kile kifaa kidogo, mara nyingi hakizidi ukubwa wa kidole gumba, kinachofungwa kwenye injini au kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kupima joto, mgandamizo, hewa au gesi, na kupeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini. Mafundi wetu wamekwisha kulizoea jina hilo, nami nitalitumia hivyo hivyo.

Tatu, mimi si fundi. Kazi yangu ni kuratibu miradi, na elimu yangu ni ya mipango ya maendeleo. Nimesimama mbele yenu kwa sababu nilifanya kosa, na kosa hilo limenifundisha jambo ambalo sipendi ninyi mjifunze kwa gharama ile ile.

KOSA NILILOLIIDHINISHA

Mradi wetu una lori moja la tani saba, lililotengenezwa Japani mwaka 2012. Tulilinunua likiwa limekwisha kutumika. Wakati wa msimu hubeba karafuu kavu za vikundi vya wakulima kutoka upande wa Konde na Micheweni kwenda kwenye vituo vya ununuzi vya ZSTC. Msimu ukiisha hubeba mwani, saruji na kokoto.

Siku moja taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi. Dereva aliniarifu siku ile ile. Nami nikamjibu, "Maliza kwanza mzigo, tutaangalia baadaye." Siku ya nne lori lilipunguza nguvu lenyewe likiwa katikati ya mlima, limejaa magunia ya watu. Lilitambaa kidogo, kisha likashindwa kabisa kupanda. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Mpaka tulipopata gari jingine, magunia kadhaa yalikuwa yamepata unyevu, na karafuu iliyotoka nyumbani ikiwa ya daraja la kwanza ikapokelewa kwa daraja la chini. Hasara hiyo haikuwa ya mradi. Ilikuwa ya wakulima waliotuamini.

Tulimwita fundi. Jina lake silitaji, wala kosa halikuwa lake peke yake. Alisema kichujio cha masizi kimeziba, na dawa yake ni kukipasua, kutoa kila kilichomo ndani, kukichomelea tena, halafu kufunga kifaa kidogo cha kuidanganya kompyuta ili iamini kwamba kichujio bado kipo. Kazi ya siku moja, fedha kidogo. Niliweka sahihi kwenye hati ya malipo. Taa ikazimika, lori likapata nguvu, na mimi nikaandika katika taarifa ya robo mwaka kwamba tatizo la lori limepatiwa ufumbuzi.

Baada ya miezi miwili lori letu lilikuwa likitoa moshi mweusi kila linapopanda. Bibi mmoja mwenye uwanja wa kuanikia karafuu kando ya barabara alinisimamisha akaniambia, "Mwanangu, hilo lori lenu la maendeleo likipita hapa wajukuu zangu wanakohoa, na majamvi yangu yananuka moshi." Sikuwa na jibu la kumpa.

Ndipo tulipomwomba fundi mwenye mashine ya kupimia aje kutoka Unguja. Alikuta mambo matatu. Kwanza, mpira mwembamba wa sensa ya mgandamizo wa kichujio ulikuwa umepasuka, bado unaning'inia mahali pake. Pili, soketi ya sensa ya joto la moshi ilikuwa imejaa kutu ya kijani. Tatu, nozeli moja ilikuwa ikivuja, inamwaga dizeli zaidi ya inayohitajika, na dizeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikigeuka kuwa masizi. Ule mpira bei yake haizidi sahani mbili za pilau. Kichujio kipya tuliulizia Dar es Salaam, tukaambiwa bei inayozidi bajeti yetu yote ya matengenezo ya mwaka. Na kama kichujio chetu cha zamani kilikuwa kimeziba kweli au la, hatutajua kamwe, maana tulikitupa.

Kwa maneno mengine, taa ilikuwa ikituambia ukweli. Tulichokifanya ni kumziba mdomo aliyekuwa akituonya.

MFUMO HUU UNAFANYA KAZI GANI?

Wazee wengi hapa mnakumbuka kwamba kabla ya waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Wesha mwaka 2010, umeme wa Pemba ulitokana na majenereta ya dizeli. Kisiwa hiki kina mafundi wa dizeli wa siku nyingi, na wapo ambao husikiliza injini kwa sikio na kujua nozeli ipi imechoka. Ujuzi huo bado una thamani. Lakini lori la leo lina mambo ambayo sikio peke yake haliwezi kuyasikia.

Sababu ni sheria za nchi yalikotengenezwa. Mwaka 1992 Ulaya iliruhusu injini ya lori kutoa gramu 8 za gesi za oksidi za naitrojeni kwa kila kilowati-saa ya kazi. Kiwango cha Euro VI, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinaruhusu gramu 0.4 tu. Kwa upande wa masizi, kiwango kimeshuka kutoka gramu 0.36 hadi 0.01. Japani nayo ilikaza: kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu ya jirani ilizuia malori ya dizeli yasiyotimiza kiwango chake cha masizi. Malori yaliyotumika huko ndiyo yanayotufikia sisi. Wengi wenu bado mnaendesha malori ya zamani yasiyo na vifaa hivi, lakini kadiri miaka inavyokwenda, lori utakalonunua kesho litakuwa navyo.

Ili kufikia viwango hivyo, watengenezaji wameweka hatua tatu. Ya kwanza ni vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mlipuko, maana joto kali ndilo linalozaa oksidi za naitrojeni. Ya pili ni kichujio cha masizi, wanachokiita DPF. Hiki hukusanya masizi, na kinapojaa kiasi, kompyuta huongeza joto la moshi hadi kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi ili masizi yaungue. Ya tatu, kwa malori yenye tangi dogo la ziada, ni maji ya urea, ambayo wengi huyajua kwa jina la AdBlue. Ni urea safi asilimia 32.5 na maji yaliyosafishwa. Hupulizwa kwenye moshi, na oksidi za naitrojeni zikageuka kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Sensa ndizo macho ya mfumo wote huu. Ipo inayopima tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya kichujio, na kwa tofauti hiyo kompyuta hujua masizi yamejaa kiasi gani. Zipo za joto la moshi. Zipo za oksidi za naitrojeni, ambazo ndani yake zina kauri inayopashwa moto mkali, na tone la maji likiifikia ikiwa ya moto hupasuka. Ipo ya hewa inayoingia na ipo ya joto la maji ya rejeta. Sensa moja ikidanganya, kompyuta hufanya uamuzi wa uongo. Kwa mfano, sensa ya maji ikisema injini ni baridi wakati ni ya moto, kompyuta huongeza dizeli, na hapo mnapata moshi, masizi na gharama.

Naomba pia tusiuone moshi kama jambo la usumbufu tu. Mwezi Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Wa kwanza kuuvuta ni dereva, utingo na fundi. Kisha ni yule bibi na wajukuu zake.

KWA NINI PEMBA INA SHIDA YAKE

Ndugu zangu, kitabu cha mtengenezaji hakikuandikwa kwa ajili ya Pemba. Yako mambo manne tunayopaswa kuyajua.

Kwanza ni safari fupi. Kisiwa chetu chote kwa urefu ni kiasi cha kilomita 67. Kutoka Chake kwenda Wete au Mkoani ni mwendo mfupi, na kutoka bandari ya Wesha hadi mjini ni dakika chache tu. Lori lililozoea kwenda mamia ya kilomita bila kusimama huchoma masizi yake njiani. Hapa, kabla bomba halijapata joto la kutosha, dereva amekwisha kufika na kuzima injini. Masizi yanabaki. Safari kumi za namna hiyo, taa inawaka. Wala si ubovu wa lori.

Pili ni chumvi. Upepo wa bahari unatufikia kila mahali, na malori yetu hupanda meli na kushuka bandarini. Chumvi hula vidole vya shaba ndani ya soketi. Sensa inaweza kuwa nzima kabisa, ila taarifa yake haifiki. Wengi hununua sensa mpya wakati iliyohitajika ni kusafisha soketi tu.

Tatu ni mafuta. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni. Hiyo ni hatua kubwa, maana salfa nyingi huharibu kichujio na vifaa vya urea. Lakini dizeli nzuri iliyotunzwa kwenye pipa chafu, ikaingia maji ya mvua au ikachanganywa na mafuta ya taa, si dizeli nzuri tena.

Nne ni joto letu. Maji ya urea yakiwekwa mahali pasipozidi nyuzi 25 hudumu kama miezi 18. Yakikaa kwenye nyuzi 35 muda huo hushuka hadi kama miezi 6. Dumu lililoachwa juani nje ya duka tangu mwaka jana usilinunue, hata kwa nusu ya bei.

RATIBA YA KINGA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ratiba ifuatayo haihitaji mashine kubwa. Inahitaji daftari, kalamu na mtu wa kuwajibika.

Kila siku: dereva awashe swichi na kuangalia taa zote za dashibodi kabla ya kuwasha injini. Taa inayowaka na kuzimika ni sawa. Inayobaki iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na kilomita. Aangalie pia rangi ya moshi. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji ya rejeta au dizeli isiyoungua.

Kila wiki: mwageni maji kwenye filta ya dizeli. Kagueni filta ya hewa, hasa kama lori linapita njia za vumbi. Pimeni betri, kwa kuwa umeme ukiwa dhaifu sensa nzima hutoa taarifa za uongo. Na angalau mara moja kwa wiki, lori lenye kichujio lipewe safari moja ndefu bila kusimama, lenye mzigo, kwa mfano Mkoani hadi Konde. Panga mzigo wa mbali ufuatane na siku hiyo, ili usichome dizeli bure.

Kila mwezi: betri ikiwa imefunguliwa, fungueni soketi za sensa moja moja. Zipulizieni dawa maalumu ya kusafishia vidole vya umeme, ziacheni zikauke, pakeni grisi ya umeme kidogo, kisha zifungeni mpaka mlio wa kufunga usikike. Kagueni mipira ya sensa ya mgandamizo kama imepasuka, imelegea au imeziba.

Kila miezi mitatu, na kila mara kabla ya msimu wa karafuu: lori lipimwe kwa mashine, na namba za makosa ziandikwe kabla ya kufutwa. Namba ya kosa haisemi "nunua sensa". Inasema mahali pa kuanza kutafuta. Fundi aanze na soketi, kisha waya, kisha mpira, na sensa yenyewe iwe ya mwisho.

Wakati wa kubadilisha oili: lori lenye kichujio litumie oili yenye majivu machache, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Masizi huungua, lakini majivu ya oili hayaungui. Hubaki ndani ya kichujio mpaka kifunguliwe na kusafishwa kwa utaratibu wake.

MAMBO YA KUACHA

Usizime injini wakati lori linachoma masizi, isipokuwa kuna hatari. Ikiwa lina kitufe cha kuchoma likiwa limesimama, kwa kawaida ni kazi ya dakika 15 hadi 30. Lakini egesha mahali peupe. Bomba wakati huo ni la moto mno. Usisimame juu ya nyasi kavu, makumbi, makonyo wala karibu na majamvi ya karafuu.

Usiyeyushe mbolea ya urea kwenye ndoo ukamimina kwenye tangi. Mbolea ina vitu vingine ambavyo huziba pampu na kuharibu mfumo. Na ikiwa kwa bahati mbaya dizeli imeingia kwenye tangi la urea, usiwashe injini wala swichi. Mwite fundi alimwage na kulisafisha kwanza.

Usioshe injini kwa maji ya nguvu ukielekeza kwenye soketi. Usichomelee bodi kabla ya kufungua betri na kufuata maelekezo ya kuikinga kompyuta. Usikate waya wa taa. Na kichujio kisipasuliwe kwa sababu tu taa imewaka.

WITO WANGU

Kwa madereva na utingo: ninyi ndio sensa ya kwanza. Mkiiona taa, semeni. Mkiambiwa "maliza kwanza mzigo" kama nilivyosema mimi, andikeni kwenye daftari kwamba mlisema.

Kwa mafundi: hakuna anayewalaumu kwa kutokuwa na mashine ya bei kubwa. Lakini gereji tatu au nne zinaweza kuchangia mashine moja na kuitumia kwa zamu. Vijana wanaotoka vyuo vya mafunzo ya amali, kikiwemo cha Vitongoji, wapewe nafasi ya kukaa pamoja na wazee wenye sikio. Kijana asome namba, mzee asikilize injini, na wote wawili wakubaliane kabla ya kununua kifaa.

Kwa wenye malori: tengeni fungu la kinga katika kila safari, hata kama ni dogo. Na mnapotaka kununua lori, ulizeni kwanza kama lina kichujio na tangi la urea, kama bado vimo, na kama kuna kifaa cha kuidanganya kompyuta. Lori lililofanyiwa hivyo linaweza kuonekana rahisi siku ya kununua, kumbe umeuziwa ugonjwa usioonekana.

Kwa upande wetu, mradi umebadilisha utaratibu. Taa ikiwaka, dereva ana mamlaka ya kusimamisha safari bila kusubiri ruhusa yangu. Hakuna hati ya malipo ya gereji itakayowekwa sahihi bila karatasi ya kipimo kuambatanishwa. Nozeli na mpira vimekwisha kubadilishwa na moshi umepungua sana, ila kichujio bado tunakidunduliza. Mpaka kitakapofungwa, siwezi kusema tatizo limepatiwa ufumbuzi, na katika taarifa ya robo mwaka iliyofuata niliandika hivyo.

Nilirudi kwa yule bibi nikamweleza yote, pamoja na sahihi yangu ilipokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kichujio kitafungwa lini. Nilimwahidi kwamba ni kabla ya karafuu za msimu ujao kuanikwa. Ninyi nyote sasa ni mashahidi wa ahadi hiyo.

Sasa naomba maswali, na kwa yale yanayonizidi, fundi wetu kutoka Unguja yupo hapa na mashine yake. Malori matatu ya kwanza yatakayoingizwa uwanjani yatapimwa leo bila malipo.